Mambo ya Ngoswe

Barua za ada na za mitihani nimeziweka kando mwezi huu. Nimechukua tatu zinazouliza jambo moja kwa njia tofauti: je, kitabu alichosoma mtoto shuleni kinaweza kumwonesha kazi ya kufanya maishani? Ya kwanza nimeijibu kwa urefu kupita kawaida yangu, na mhariri amekwishaanza kunung'unika. Nimemwambia asome kwanza.

*

*Shikamoo dada. Mimi ni msichana wa Kidato cha Tatu mkoani Singida. Muhula huu tumesoma Ngoswe: Penzi Kitovu cha Uzembe. Wenzangu wanamcheka Ngoswe, mimi nimeipenda kazi yake. Kupita nyumba kwa nyumba, kuandika watu, mpaka nchi nzima ijue ina watu wangapi. Nilipowaambia nataka kusomea takwimu wakaanza kuniita Ngoswe. Nikiuliza chochote darasani wanaitikia, "Mambo ya Ngoswe mwachie Ngoswe!" Baba anasema ninafaulu Baiolojia, kwa hiyo niwe daktari, na kuchagua kazi kwenye kitabu cha hadithi ni utoto, tena kitabu chenyewe mwenye kazi aliiharibu. Dada, ni utoto kweli?*

Marahaba, mdogo wangu. Barua yako nimeisomea sokoni, nimekalia ndoo iliyopinduliwa, mzani mapajani, nikimsubiri mama muuza nyanya arudi na chenji. Mzani ulikuwa wa nini, nitakuambia mbele. Kwanza ujue kwamba jina hilo unaloitwa, mimi nimeitwa tangu 2008.

Kwa msomaji ambaye hakupita kwenye shule zetu, au alipita kwa madesa bila kukifungua kitabu (mpo, nawajua): tamthiliya hii ya marehemu Edwin Semzaba ilichapishwa 1988, mwaka uleule ambao nchi ilihesabiwa kweli. Inamhusu kijana msomi aliyetumwa kijijini kuhesabu watu. Anafikia kwa balozi wa nyumba kumi, Mzee Ngengemkeni Mitomingi, na hapohapo anampenda Mazoea, binti wa mwenyeji wake. Kazi inawekwa pembeni, vijana wanatoroka, na baba mtu kwa hasira anazitia moto karatasi za hesabu. Ulevi, mitala, nafasi ya mwanamke, vyote tunavyojaza kwenye mitihani vimo. Lakini mimi jicho langu liliganda kwenye ule moto.

Darasani kwetu tulikuwa sitini na kitu, nakala za kitabu nne. Mwalimu aliingia akaandika ubaoni: Dhamira, Migogoro, Ujumbe, Falsafa, Mtazamo. Tulizijua dhamira za Ngoswe kabla hatujamjua Ngoswe. Zamu yangu ya kitabu ilipofika nilikisoma usiku mmoja kwa kibatari, na asubuhi nikanyoosha mkono. "Mwalimu, wale watu wa kijiji kile walihesabiwa tena?" Akaniuliza watu gani. "Wa kwenye karatasi zilizoungua." Darasa likaangua kicheko. Mwalimu naye akacheka, hakuwa mtu mbaya, akasema, "Hilo haliji kwenye mtihani. Kaa chini." Nikakaa, nikiwa nimeshakuwa Ngoswe.

Swali halikukaa lakini. Jumamosi nilikwenda ofisi ya kata nikamuuliza mtendaji kata yetu ina watu wangapi. Alidhani nimetumwa na wapinzani wake. Alipoamini ni mimi tu na udadisi wangu, alivuta daftari lenye jalada gumu, akanisomea namba za sensa ya 2002, kijiji kwa kijiji. Wakati ule wimbo wa serikali ulikuwa zahanati kila kijiji na kituo cha afya kila kata, na akanieleza kwamba kila anapoandika barua ya kuomba madawati, dawa au kisima, aya ya kwanza ni idadi ya watu. "Usipokuwa na namba," akasema, "unaomba kama mtu anayeota." Nilirudi nyumbani nikiwa nimepata jibu la swali langu, na jibu lilikuwa baya: watu wa Mitomingi waliungua pamoja na zile karatasi. Kisima chao, madawati yao.

Kwa hiyo baba yako anaposema Ngoswe aliiharibu kazi, amesema kweli, ila mimi naona hapo ndipo kitabu kilipofundisha. Kama Ngoswe angehesabu watu vizuri akarudi mjini salama, ningefunga kitabu nikalala. Aliyeharibu alinionesha kazi inavunjikia wapi.

Sasa nikuchukue mpaka Agosti 2012. Nimemaliza Kidato cha Sita, nimepata nafasi ya ukarani wa sensa, nimepangiwa kitongoji kimoja huko Kondoa. Upepo wa Agosti unajua ulivyo, huko kwenu Singida ni huohuo, vumbi mpaka kwenye meno. Natembea na mwenyekiti wa kitongoji, Mitomingi wangu mimi, madodoso ya karatasi kwenye mfuko wa nailoni ndani ya begi. (Mwenyekiti alikuwa na kijana wa kiume, tena mtanashati. Sisemi zaidi.)

Siku ya nne tukafika kwa bibi mmoja anayeishi na wajukuu. Nikauliza swali letu kuu: usiku wa kuamkia siku ya sensa, walilala nani hapa?

"Watu."

"Wangapi, bibi?"

Akanitazama kama nimemtukana. "Watoto si mbuzi. Hawahesabiwi."

Mwenyekiti akataka kumgombeza, nikamshika mkono. Kwa wazee wengi kumhesabu mtoto ni kumwitia mkosi, na mimi mwenyewe marehemu bibi yangu alikuwa hivyo. Nikaacha neno "wangapi". Nikaonesha kitanda cha kamba kilichokuwa kimeegeshwa ukutani: hapa alilala nani? Mtoto wa binti yake mkubwa. Na nani? Na mdogo wake. Na kwenye mkeka ule? Tukaenda hivyo, mkeka kwa mkeka, mpaka tukaingia jikoni alikolala mmoja karibu na mafiga kwa sababu ya kikohozi. Wakafika saba pamoja na bibi. Hakuna aliyeitamka namba hata mara moja.

Ikaja ya umri. Hakuujua. Kwa watu kama yeye tulikuwa na kalenda ya matukio, yaani badala ya kuuliza mwaka unauliza jambo.

"Bibi, Uhuru ulikukuta wapi?"

"Ulinikuta natoka kisimani, mtoto wangu wa pili mgongoni. Watu wanaimba, nikauliza nani kaoa."

Nikapiga hesabu pembeni. Kuvunja ungo kwenye kumi na tano, kuolewa kumi na sita, mtoto wa kwanza kumi na saba au nane, wa pili kama ishirini. Toa ishirini kwenye 1961, unapata 1941. Nikampima tena kwa Azimio la Arusha, 1967, watoto walikuwa wangapi na wa mwisho alikuwa anatambaa au anatembea, na hesabu zikaelewana. Nikaandika 71. Bibi akaniuliza nimeandika ngapi. Nilipomwambia akanyamaza kidogo, akasema, "Basi ndiyo maana magoti yananiuma." Usiku ule nililala na madodoso chini ya mto, na kibatari nilikizima mapema.

Mwaka 2022 nilirudi kwenye sensa nikiwa mkufunzi wa makarani. Karatasi hakuna, ni vishikwambi. Nikiwa katikati ya somo kijana mmoja nyuma akauliza, "Dada, na kishikwambi nacho Mitomingi akikichoma?" Ukumbi mzima ukacheka, na nikajua wote mle ndani tumekaa darasa moja, tumegawana kitabu kilekile. Matokeo yalipotangazwa tulikuwa watu 61,741,120. Wengine husema milioni sitini na moja nukta saba. Mimi huisoma mpaka mwisho, mia moja na ishirini, maana hiyo ishirini najua imelala kwenye mikeka mingapi.

Baba yako anaweza kusema sensa ni mara moja kila miaka kumi, sasa miaka tisa utakula nini? Swali la haki. Ndipo unapokuja mzani wangu. Kila mwezi kuna watu wanaopita masokoni na madukani kuandika bei, na kutokana na hizo bei ndipo unaposikia redioni kwamba mfumuko wa bei umepanda au umeshuka. Mimi ni mmoja wao. Mama wa nyanya hapandishi bei ovyo, anaogopa wateja. Fungu ni shilingi 500 mwezi uliopita na 500 mwezi huu, ila mwezi uliopita lilikuwa na nyanya sita na leo lina tano, na moja imebonyea. Ukiandika 500 ukaondoka, umeidanganya nchi. Ndiyo maana unanunua fungu, unalipima, unaandika bei na uzito. Na mchuzi wa jioni ndio huo.

Mbali na bei kuna tafiti za mapato na matumizi ya kaya, za kilimo, za afya ya uzazi na mtoto. Na hapo ndipo utakapompata baba yako, maana Baiolojia yako haipotei. Nenda zahanati iliyo karibu nanyi, mwombe mganga mfawidhi kwa heshima akuoneshe ile taarifa ya MTUHA (mfumo wa taarifa za huduma za afya) wanayoijumlisha kila mwezi. Usiombe majina ya wagonjwa, hayo si yako. Omba kuona jumla tu: malaria wangapi, kuhara wangapi, kina mama waliojifungua wangapi. Kaa nayo nusu saa. Kisha mwendee baba, umwambie kuna watu kazi yao ni kuhesabu magonjwa, na daktari anayeagiza dawa bila wao anaagiza kwa kubahatisha. Kubishana naye juu ya Ngoswe hakutakufikisha popote. Wazazi wetu hawashindwi na tamthiliya.

Mambo ya vyeti kwa ufupi. Hisabati ndiyo mlango, na hapo sikuoneshi huruma: F ya Hisabati Kidato cha Nne itakufungia. Ukifaulu, tahasusi kama PCM (Fizikia, Kemia na Hisabati) au EGM (Uchumi, Jiografia na Hisabati) zitakupeleka vizuri. Takwimu inasomeshwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na Chuo Kikuu cha Dodoma, na kuna Chuo cha Takwimu Mashariki mwa Afrika, kule Changanyikeni, Dar es Salaam, ambacho huanzia ngazi ya cheti. Hata mambo yakienda kombo Kidato cha Sita, njia ipo.

Wakikuita Ngoswe, itika. Waulize na wao: wale watu walihesabiwa tena? Uniandikie walivyojibu.

*

*Habari dada. Mwanangu yuko Darasa la Sita hapa Mbeya na anapenda sana kusoma, namshukuru Mungu. Shida ni kwamba kila kitabu kina kazi yake. Januari alikuwa rubani, Pasaka akawa daktari wa mifugo, sasa kasoma hadithi ya nahodha anataka bahari, na sisi bahari hatuna. Nimwache tu au nimwelekeze? Baba yake anasema mtoto hana msimamo.*

Mama mwenzangu, Darasa la Sita msimamo wa nini? Mwache. Mimi wa kwangu ana miaka saba na wiki iliyopita alitaka kuwa trafiki kwa sababu ya glavu nyeupe, na hajasoma kitabu chochote.

Ila kuna kaswali kamoja unaweza kumuuliza kila akimaliza kitabu, na usimuulize kwa sauti ya mwalimu, muulize mkiwa mnachambua mboga: huyu nahodha, akiamka asubuhi anaanza na nini? Kitabu kikiwa kizuri atakuwa na la kusema. Atakuambia anatazama mawingu, anakagua injini, anagombana na mpishi. Kitabu kikiwa cha ovyo atakuambia nahodha anavaa kofia. Baada ya muda utaona zipo kazi anazozisimulia kwa kofia na zipo anazozisimulia kwa injini. Hizo za injini ziandike mahali. Usimwambie.

Halafu bahari mnayo, mama. Teremkeni Kyela, Ziwa Nyasa liko pale, na bandarini mtakuta manahodha wa kweli. Nauli ya basi ni ndogo kuliko ugomvi na mumeo.

*

*Dada, pole na kazi. Mimi ni mwalimu wa Kiswahili shule ya sekondari ya kata, Mtwara. Nasoma majibu yako ya kuwahimiza watoto wasome, lakini ukweli ni huu: vitabu vya fasihi tulivyonavyo ni vichache, vimefungiwa kabatini ofisini kwa sababu vikitoka vinapotea na mimi ndiye ninayedaiwa. Wanafunzi wanasoma muhtasari wangu. Mtihani wanafaulu kiasi. Kazi gani wataipata kwenye muhtasari? Nifanyeje? Na je, unazo nakala za kutugawia?*

Mwalimu, nimefurahi umelisema la kabati bila kulizunguka. Wengi hulificha. Na la kudaiwa nalijua, siwezi kukuambia upuuze huku mshahara ni wako.

Nikuambie tulivyofanya na nakala zetu nne kwa watu sitini. Kiranja alishika daftari, kila jioni kitabu kinalala kwa mtu mmoja, anasaini, asubuhi kinarudi au anafagia vyoo vya darasa zima. Kwa wiki mbili na siku chache tulikuwa tumekimaliza sote. Nakala moja ilikuwa na karatasi iliyochanika, mwenzetu mwenye mwandiko mzuri akainakili kwenye karatasi ya daftari akaibandika kwa uji wa sembe. Ilishika mpaka tunamaliza shule, ingawa panya waliitafuna pembeni. Daftari la kusaini likiwa na mhuri wa shule, na mkuu wako akilijua, deni halikuangukii peke yako. Anza na nakala mbili tu uone.

Kuhusu muhtasari, sikulaumu, na mimi nilifaulu kwa msaada wa muhtasari. Lakini jaribu hili kabla hujaandika neno Dhamira ubaoni. Kama kabatini una *Kuli* ya Adam Shafi, soma nao sura mbili kwa sauti, kisha waambie kila mmoja aorodheshe kazi alizoziona: nani anabeba, nani anaandika, nani analipa, nani anasimama tu. Riwaya ile ni ya wachukuzi wa bandarini Unguja na mgomo wao wa 1948, kwa hiyo kazi zimejaa humo kama dagaa kwenye gunia. Nyinyi mna bandari Mtwara. Msimu wa korosho ukianza, tafuta mtu mmoja wa pale aje kuzungumza na darasa, na naomba asiwe meneja. Mlete mchukuzi, au karani anayehesabu magunia yanayopanda melini. Wanafunzi wamshikie orodha yao wamuulize: hii bado ipo? Hii sasa inafanywa na mashine gani? Anayeendesha hiyo mashine alisoma wapi? Kipindi kimoja kitatosha, na Dhamira utaandika kesho yake. Zitakuja zenyewe kwa sababu watakuwa wameshaona mgongo wa mtu anayelipwa kwa gunia.

Angalia pia maktaba ya mkoa, iliyo chini ya Bodi ya Huduma za Maktaba. Nenda mwenyewe uulize utaratibu wa shule kuazima, usisubiri barua.

Nakala za kugawa sina, mwalimu, nasikitika. Ninayo moja ya *Ngoswe*, niliyoinunua kwa posho ya sensa ya 2012, na pembeni nimeandikaandika kwa kalamu ya risasi, mengine ya kipuuzi. Hiyo nitakupa. Acha anwani ya shule kwa mhariri, na ikifika naomba isiingie kabatini.